Nauli Peke Yake Haijengi Reli

Kila unapotangazwa mradi mkubwa wa usafiri wa umma, swali la kwanza kuulizwa huwa ni hili: je, nauli za abiria zitaweza kurudisha fedha zilizotumika? Swali hilo ni halali, kwa kuwa fedha za mradi ni jasho la wananchi, na riba ya mkopo haimngoji mtu. Lakini jinsi linavyoulizwa kwa kawaida ndivyo linavyopotosha. Hudhaniwa kwamba reli ni kama duka: mauzo yakizidi matumizi, duka lina faida, yasipozidi, na lifungwe. Reli haiko hivyo, wala haikupata kuwa hivyo katika Afrika Mashariki. Nauli ina kazi yake, tena kazi kubwa. Ila kazi hiyo si kulipia ujenzi.

Mahali pazuri pa kulipimia jambo hili ni Tabora. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1912, na njia ya Mwanza iliyochepuka kutoka hapo ikafika ziwani mwaka 1928. Mikataba ya kuifikisha reli ya kisasa Tabora, na kuiendeleza hadi Isaka na Kigoma, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Njia ya miguu, reli ya zamani na reli mpya, kila moja ina hesabu zake, na hesabu zote zinafundisha jambo moja: gharama ya njia haipotei. Isipolipwa na msafiri, hulipwa na mtu mwingine. Linalopasa kuulizwa ni huyo mwingine ni nani, na je, anapata nini badala yake?

HESABU YA MPAGAZI

Katika zama za misafara, njia haikuwa na mjenzi wala mfadhili. Gharama zote zilikaa juu ya mzigo. Mpagazi, aghalabu Mnyamwezi aliyeifanya kazi hiyo kwa ujira, alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni kama kilo 0.7. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo. Misafara iliyokwenda kwa kasi zaidi ilitumia miezi mitatu hivi.

Basi na zichukuliwe siku 90. Kilo 0.7 mara 90 ni kilo 63. Maana yake ni kwamba mpagazi alikula njiani karibu mara mbili ya uzito alioubeba. Chakula hicho kilinunuliwa vijijini kwa merikani, kaniki na shanga, na vitambaa hivyo navyo vilihitaji wapagazi wa kuvibeba. Juu ya hayo kulikuwa na hongo, ambayo zamani hizo haikuwa rushwa bali ushuru wa kupita. Katika nchi kavu ya Ugogo, watemi waliomiliki visima waliwatoza wasafiri kwa ajili ya maji na ruhusa ya njia.

Hesabu hii inaeleza kwa nini biashara ya bara ilishikamana na pembe za ndovu, na kwa nini, kwa aibu ya historia, iliwahusu pia binadamu walioswagwa kwa miguu hadi pwani. Ni bidhaa yenye thamani kubwa mno kwa uzito wake tu iliyoweza kubeba gharama yote ya njia. Mtu wa Unyanyembe aliyekuwa na ziada ya mpunga au karanga hakuwa na soko pwani, hata kama mavuno yalikuwa tele. Njia iliyolipiwa yote na mtumiaji wake iliwafaa wenye pembe. Mkulima ilimwacha pale pale alipokuwa.

Sasa na ilinganishwe treni moja ya shehena yenye tani 1,000. Mzigo huo ungehitaji wapagazi zaidi ya 31,000. Tofauti hiyo ndiyo zawadi ya reli kwa nchi, na sehemu kubwa ya zawadi hiyo haionekani katika daftari la mauzo ya tiketi. Huonekana katika shamba la tumbaku la Urambo, katika bei ya saruji Nzega na katika gunia la chumvi sokoni Kigoma.

DHAMANA YA MWAKA 1904

Wajerumani walipoazimia kujenga reli kutoka Dar es Salaam kwenda bara, wenye mabenki hawakukubali kutia mitaji yao kwa kutegemea nauli na ada za mizigo. Mwaka 1904 iliundwa kampuni ya reli iliyoongozwa na Deutsche Bank, na Milki ya Ujerumani ikatoa dhamana kwamba mapato yasipotosha, hazina yake italipa riba ya asilimia 3 ya mtaji. Ujenzi ulianza mwaka 1905, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Hivyo Reli ya Kati, ambayo watu wengi huitaja kama mfano wa kazi iliyodumu, haikujengwa na nauli. Ilijengwa kwa ahadi ya hazina.

Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilitumia karibu pauni milioni 5.5 za hazina ya Uingereza. Ilipokamilika haikuwa na mizigo ya kutosha. Watawala, hasa Kamishna Charles Eliot, waliona dawa ni kuwaleta walowezi wa Kizungu walime mazao ya kusafirishwa, na ardhi ya Waafrika katika nyanda za juu za Kenya ikagawiwa wageni. Hapa pana funzo zito. Serikali iliyoshindwa kusema wazi nani atalipa pengo la reli iliwalipisha watu ambao hawakuulizwa, na malipo yenyewe yakawa mashamba yao. Makovu ya malipo hayo yangali yanaonekana katika siasa za ardhi.

HESABU YA LEO

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo. Nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilikuwa shilingi 69.51 kwa kilometa, yaani shilingi 31,000 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mikataba ya ujenzi wa vipande viwili, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kutoka Morogoro hadi Makutupora, ilikuwa na thamani ya dola za Marekani bilioni 3.1 hivi kwa jumla.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi lifuatalo. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, riba ya asilimia 3, kiwango kile kile cha dhamana ya mwaka 1904. Riba ya mwaka mmoja itakuwa dola milioni 93. Shilingi 31,000 zilikuwa sawa na karibu dola 12. Ikiwa nusu ya nauli itatumika kulipia umeme, mishahara na matengenezo, zitabaki dola 6 kwa kila abiria. Milioni 93 ukigawa kwa 6 unapata safari milioni 15.5 kwa mwaka, yaani abiria 42,000 na zaidi kila siku, wote wakisafiri mwendo mzima kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa treni yenye abiria 600, hizo ni treni 70 zilizojaa kila siku. Na hapo ni riba peke yake. Deni lenyewe halijapunguzwa hata senti moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina ukubwa wa ghala.

Yupo atakayesema: basi nauli ipandishwe. Jibu lake lilikwisha kutolewa na mhandisi wa Kifaransa, Jules Dupuit, mwaka 1844, alipochunguza ada za kuvuka madaraja. Daraja likishajengwa, mtu mmoja zaidi akivuka haliongezi gharama ya maana. Ada ikipandishwa mno, watu huzunguka au hukaa nyumbani, na daraja hubaki tupu ilhali gharama yake iko pale pale. Kwa mfano wa kubuni, ikiwa nauli ya shilingi 20,000 inaleta abiria 1,000, makusanyo ni shilingi milioni 20. Nauli ikiwa shilingi 40,000 na abiria wakabaki 450, makusanyo hushuka hadi milioni 18, na watu 550 wamekosa usafiri. Hasara imekuwa ya pande mbili.

Jambo hili linaigusa Tabora kuliko Morogoro, kwa sababu Tabora iko mbali. Kiwango cha mwaka 2024 kingetumika kwa mwendo wa kilometa 835 hivi, nauli ya daraja la kawaida ingekuwa karibu shilingi 58,000 kwa safari moja. Mwanafunzi anayetoka likizo, mama anayempeleka mgonjwa hospitali ya rufaa na mfanyabiashara mdogo wa asali hawawezi kubebeshwa zaidi ya hapo ati kwa sababu mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulikuwa wa dola bilioni 1.9.

Hutolewa pia mfano wa Japani. Ni kweli kwamba reli ya mwendo wa kasi kati ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa mwaka 1964, ilipata faida mapema. Lakini ina urefu wa kilometa 515 tu, na inaunganisha miji iliyosongamana makumi ya mamilioni ya watu. Hata huko, shirika la reli la taifa lilipovunjwa mwaka 1987 liliacha deni kubwa, na sehemu yake nyingi iliishia mabegani mwa umma. Mfano huo ni mzuri, ila si wa nchi ya miombo yenye vijiji vilivyotawanyika.

BARABARA NAYO INA MLIPAJI WAKE

Ajabu ni kwamba hakuna anayeuliza kama barabara ya lami kutoka Tabora hadi Nzega imepata faida. Hudhaniwa kwamba basi na lori hujilipia wenyewe, na treni ndiyo inayobebwa. Sayansi inaonyesha vinginevyo. Majaribio ya barabara yaliyofanywa jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ni nzito mara 10 kuliko ekseli ya tani 1; lakini uharibifu wake ni 10 mara 10 mara 10 mara 10, yaani kama mara 10,000.

Tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara husaidia matengenezo, lakini dereva wa lori hanunui mafuta mara 10,000 ya mwenye gari dogo. Tofauti hulipwa na walipa kodi wote, na wengine hulipa kwa viungo vyao na uhai wao katika ajali. Zaidi ya hayo, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata ukinzani mdogo mara kadhaa kuliko tairi la mpira juu ya lami. Kwa hiyo tani moja husogezwa kwa nishati kidogo zaidi. Kila tani ya shehena ya Burundi, Rwanda au Kongo inayopanda treni badala ya lori inaiokoa barabara, nayo faida hiyo haiandikwi katika vitabu vya shirika la reli. Ni haki basi kwamba umma unaookolewa gharama hiyo uchangie njia ya reli.

Mchango huo tayari upo. Kenya ilianzisha mwaka 2013 tozo ya asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa kutoka nje ili kugharimia reli, na Tanzania ikaanzisha tozo kama hiyo mwaka 2015. Mkulima wa Sikonge anaponunua jembe lililotoka ng'ambo huwa amekwisha kuichangia reli, hata kama hajapata kuipanda. Tozo hiyo si dhambi. Dhambi ni kutozwa bila kujua, na kisha kuambiwa kwamba reli inajilipia.

TAHADHARI

Hata hivyo, hoja kwamba nauli haijengi reli isigeuzwe kuwa ruhusa ya kujenga reli popote. Mpango wa Karanga wa Waingereza uliacha kusini mwa Tanganyika reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikupatikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hapo hapakukosekana nauli tu. Palikosekana shehena yenyewe.

Kwa upande mwingine uko mfano wa Mpanda. Njia ya kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, ilifika Mpanda kufikia mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kwa hesabu ya duka, reli ingeng'olewa siku iliyofuata. Reli ikabaki, na kwa miongo mingi imewasafirisha wakulima na mazao yao katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa hazipitiki masika. Mifano hii miwili inafundisha kwamba kipimo si faida ya tiketi ya mwaka huu, bali ni watu na mizigo iliyopo au itakayokuwapo njiani.

Tahadhari ya pili ni juu ya matengenezo, na ndiyo kubwa zaidi. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa reli ni huduma, nauli iwe ndogo mno au isiwepo. Hao husahau kwamba mataruma huoza, kokoto huzama na madaraja huliwa na maji. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria wa Tabora na Kigoma wakaathirika kwa miezi. Shirika lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ubia na kampuni ya India ulioanza mwaka 2007 na kuvunjika baada ya miaka michache, hata kuundwa upya kwa Shirika la Reli mwaka 2017: mabadiliko yote hayo ya uongozi yalikumbana na njia ile ile iliyochakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa reli hujengwa kwa mkopo.

NANI ALIPE NINI

Kutokana na hayo, gharama ya reli yapasa kugawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu lipewe mlipaji wake hadharani.

Fungu la kwanza ni uendeshaji: umeme au dizeli, mishahara, usafi na usalama. Hili lilipwe na nauli za abiria na ada za mizigo. Treni isiyoweza kulipia hata mafuta yake ina kasoro ya ratiba, ya uongozi au ya njia iliyochaguliwa, na kasoro hiyo isifichwe kwa ruzuku.

Fungu la pili ni uchakavu. Hili nalo lilipwe na watumiaji, hasa wenye shehena nzito, maana ndiyo inayolemea njia na ndiyo yenye uwezo wa kulipa. Fedha zake ziwekwe katika mfuko wa pekee usioguswa kwa haja nyingine. Usafirishaji wa shehena kwa reli ya kisasa ulizinduliwa mwaka 2025. Uhai wa reli hiyo baada ya miaka 30 utategemea zaidi mabehewa ya mizigo kuliko viti vya abiria.

Fungu la tatu ni ujenzi wenyewe. Hili ni la umma, kama ilivyo kwa barabara, shule na mabwawa. Lakini umma si kodi peke yake. Reli inapopita, kiwanja kilicho karibu na stesheni hupanda thamani bila mwenyewe kuinua jembe. Huko Osaka, kampuni ya Hankyu ilianza mwaka 1910 kuuza viwanja na nyumba kando ya reli yake. Na reli ya mjini Hong Kong hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na majengo juu ya stesheni zake. Halmashauri za Manyoni, Tabora, Kaliua na Uvinza zingefanya vyema kuihifadhi ardhi iliyo karibu na stesheni mpya, kuipima na kuikodisha kwa miaka, na kuelekeza sehemu ya kodi hiyo katika deni la reli. Ardhi ikishauzwa kwa bei ya porini, faida ya reli itakwenda kwa walanguzi, na deni litabaki kwa mkulima anayenunua jembe.

Kwa shule za sekondari hili si somo la mbali. Wanafunzi wa jiografia, hisabati na uchumi wanaweza kuorodhesha bei za saruji, mbolea na chumvi Dar es Salaam na Tabora, kisha kugawa tofauti kwa kilometa na kupata gharama ya uchukuzi wa kila kilo. Wakirudia zoezi hilo kila mwaka, reli mpya ikiwapo na isipokuwapo, watakuwa na kipimo bora kuliko mauzo ya tiketi. Bei zikishuka, reli inalipa, hata kama dirisha la tiketi linaonyesha nakisi. Zisiposhuka, wananchi watakuwa na haki ya kuuliza faida imeishia wapi, nao watakuwa na takwimu mikononi za kuulizia.